Jibu kwa Mkonge

Kihiyo aliingia karakanani bila hodi, jambo ambalo si kawaida yake, amebeba furushi lililofungwa kwa shuka la maua. Akalitua mezani polepole, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na mashine yake ya ngoma, kinanda chake kidogo kilichong'oka vibonye, na nyaya zilizokunjwa vizuri kama nguo za mtu anayesafiri.

"Shikamoo, Da Riziki."

"Marahaba. Vimeharibika nini hivyo?"

"Havijaharibika. Mpe anayevitaka. Miye kutunga basi."

Riziki hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia mashine ya kuchonga santuri, akiipangusa sindano, na kazi hiyo haitaki pupa. Isitoshe, alimjua Kihiyo. Ni mtu wa kususa. Kila toleo lake likidoda hutangaza kwamba ameacha, akakaa siku kadhaa akiuza simenti dukani kwa mkwewe, kisha akarudi na santuri nyingine na uso wa mtu aliyesahau alichosema.

"Umegombana na nani safari hii?"

"Sijagombana na mtu. Umeyasikia matoleo ya msimu huu?"

"Mimi ndiye niliyeyachonga, Kihiyo."

"Basi wajua." Akavuta kigoda, akakaa. "Yapo mazuri. 'Jasho la Bati' ni muziki wa hausi wa kuchezea mpaka viatu vikatike. Ile elektro ya yule mwenye alama ya kufuli, 'Nne Bila Taa', nayo kali, matoazi yake unayasikia mpaka kwenye meno. Lakini hii tekno ya Mkonge, 'Maji ya Chini'... Pale katikati, ngoma inapoondoka. Wadhani mtu kamaliza. Kumbe besi ingali inatembea, peke yake, haina haraka. Ile nafasi aliyoiacha pale miye nisingethubutu kuiacha. Ningeijaza. Nimekaa na ile santuri mpaka mke wangu kanambia nihamie nayo. Nikalia, nakwambia. Mtu mzima nina ndevu."

Riziki akaweka kitambaa chini.

"Miaka tisa tunajibizana," Kihiyo akaendelea. "Yeye anatoa, namjibu. Nikimjibu, naye ananijibu. Simjui uso, simjui jina, lakini hakuna mtu katika Tanga hii ninayemjua kama yule. Na tulikuwa sawa. Leo ananizidi yeye, kesho namzidi miye. Hii kaniacha mbali, simwoni hata vumbi lake. Mtu asiye na jibu hunyamaza, Da Riziki. Kesho nitakuja kwenye baraza la santuri nimsikie akishangiliwa, kisha narudi kwenye simenti yangu."

"Usikate tamaa kwa santuri moja," alisema Riziki.

"Namfurahia, wallahi. Zamani alama yake kwenye santuri ilikuwa inatetemeka, nikawa nasema huyu mtu mgonjwa. Siku hizi mkono umetulia. Nikasema alhamdulillahi, kapona."

Akaaga. Furushi likabaki mezani.

Wakati ule kila mtu mjini alikuwa na punje sikioni. Punje hupima mapigo ya moyo wako ikakutungia muziki wako mwenyewe, papo hapo, bure, muziki ambao haujapata kusikika na hautasikika tena. Ukihuzunika inakubembeleza, ukichoka inakuamsha. Mke na mume waliolala kitanda kimoja hawasikii wimbo mmoja. Watu wa santuri walikuwa ni wale wachache walioichoka raha hiyo. Walitaka kitu kilichokwisha chongwa, kisichojali moyo wa msikilizaji unakwendaje, ambacho jirani naye anakisikia vilevile. Wakajiwekea miko. Mtunzi hatajwi jina wala haonyeshi uso, maana ukishamjua mtu unaanza kusikiliza ukoo wake badala ya ngoma yake. Badala ya jina, hukwaruza alama kwa msumari, kwa mkono wake, karibu na tundu la santuri mama, na nakala zote hutoka nayo. Maana ya alama ni moja tu: nipo, na hii nimeifanya mimi.

Alama ya Kihiyo ilikuwa kiduara chenye mkia. Watu wakamwita Kijiko, jina ambalo hakulipenda hata siku moja. Yule mwenye alama ya majani yaliyochomoza pande zote walimwita Mkonge. Anayewajua watunzi wote ni mchongaji peke yake, na mchongaji hasemi.

Mkonge alikuwa Mhina, mdogo wake Riziki, fundi feni wa barabara ya kumi na mbili, Ngamiani. Alikuwa amekufa tangu Rajabu kwa maradhi ya figo. Alama iliyo kwenye "Maji ya Chini" aliikwaruza Riziki.

*

Chumba cha Mhina kilikuwa nyuma ya karakana. Riziki aliingia, akaketi kwenye kitanda kisicho na godoro, akasikiliza kivuli kikifanya kazi.

Kivuli si kitu cha ajabu. Washonaji wanavyo, wapishi wa hoteli wanavyo. Unavaa bangili mbili za waya unapofanya kazi yako, na kijisanduku kilicho kando kinajifunza mkono wako mpaka kiweze kuifanya kazi hiyo bila wewe. Wengi hudhani kinajifunza kile unachokichagua. Sivyo. Sauti alizozichagua Mhina zilikuwa chache, na yeyote mwenye masikio angeweza kuziiga. Kivuli kilijifunza alizozikataa. Kila mara alipoinua kidole juu ya kibonye akakirudisha, kila ngoma aliyoiweka akaiondoa, kila alipotaka kuongeza kitu akajizuia, bangili ziliandika. Miaka na miaka ya kukataa ilikuwa imejaa mle ndani.

Baada ya arobaini, Riziki alipoingia kufagia, alikikuta kinafanya kazi. Kilikuwa kimekuta wimbo ulioachwa nusu, na kwa kuwa hakuna aliyekiambia kisimame, kikaendelea. Riziki akasimama na fagio lake mpaka miguu ikafa ganzi. Kiporo cha marehemu hakitupwi, alijiambia. Akaichonga ile santuri, akatia alama ya mdogo wake, na akajisamehe kwa kuwa nusu ya wimbo ilikuwa kweli ya Mhina. Kisha kivuli, bila kuombwa, kikaanza wimbo mwingine. Huo ndio "Maji ya Chini". Humo hamkuwa na hata sauti moja iliyowekwa na Mhina. Riziki aliukwaruzia alama tena, na kwa kuwa mkono wake ni wa mtu mzima wa afya, alama ikatoka nzuri.

Tuseme haki: mashine haikumdanganya mtu. Haina msumari. Aliyedanganya ni yeye, na alijua hivyo hata alipokuwa akiinama na ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akichora majani ya mkonge.

Sasa kivuli kilikuwa kwenye wimbo wa tatu. Kiliweka ngoma, kikaiacha ipige kidogo, kikaiondoa. Kikarudi nyuma. Kikaweka nyingine, nyepesi zaidi, nayo kikaikataa. Mhina alikuwa akifanya vivyo hivyo, na kila anapokataa anafyonza, mpaka Riziki akiwa upande wa pili wa ukuta humwambia, "Wewe, hizo fyonzo zako unamfyonza nani?" Katika kile kitambo cha kurudi nyuma, Mhina yumo chumbani. Riziki alimpenda. Alimlea tangu akiwa hajui kufunga vishikizo, akamwona akikua, akamwona akinyauka, na hakuwa tayari kumzika mara ya pili.

Maana ingekuwa kumzika. Sheria ya baraza ilikuwa wazi: santuri ni ya mkono ulio hai. Akisema ukweli itambidi azime kivuli. Na si hilo tu. Watu wakishajua kwamba santuri moja ya Mkonge ni ya mashine, wataziamini vipi zile nyingine? Wataiamini vipi "Pangaboi", santuri ya mwisho aliyoitunga Mhina mwenyewe, akiwa hawezi kusimama, kutokana na mlio wa feni iliyokuwa juu ya kitanda chake? Ile ina mgurumo mbaya upande wa kushoto na inapinda kidogo kuelekea mwisho. Ilitoka, ikasikilizwa na wachache, ikasahauliwa. Riziki aliiona ni bora kuliko zote, lakini yeye ni dada.

Na asiposema? Kihiyo atarudi kwenye simenti. Mtu aliye hai, mwenye mikono inayofanya kazi, atanyamaza kwa kushindwa na mtu ambaye hayupo.

Kesho yake kulikuwa na neno la kusema. Kila mwaka santuri iliyopendwa kuliko zote ikishapatikana, mchongaji hupewa kikombe cha kwanza cha kahawa kwa niaba ya mtunzi, naye kabla ya kunywa hutamka: "Mwenyewe yupo, anawasalimu." Riziki alikuwa ameyatamka maneno hayo miaka mingi bila kuyafikiria. Akajaribu kuyatamka pale kitandani, kwa sauti. Kivuli hakikusita. Kiliendelea kutafuta ngoma yake.

*

Baraza lilifanyika Jumapili baada ya adhuhuri, kwenye ghala kuukuu la mkonge kule Pongwe. Mlangoni palikuwa na sinia, na kila aliyeingia alichomoa punje yake akaiweka humo, mpaka sinia likawa kama la mbaazi zilizochambuliwa. Wageni hujulikana papo hapo. Wakishachomoa, husimama wakishika sikio, wameshtuka kwa jinsi dunia ilivyo kimya.

Msimamizi alikuwa Bi Saumu, fundi mstaafu wa reli, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia wafanyakazi kutoka upande wa pili wa stesheni. Kura pale hupigwa kwa miguu. Santuri zote huchezwa, watu hucheza wanavyotaka, kisha kila moja huguswa tena kwa kipande kifupi, na anayeipenda kuliko nyingine huenda kusimama kwenye spika.

Walicheza "Nne Bila Taa" mpaka vumbi la katani likashuka kutoka kwenye paa na watu wakapiga chafya wakicheka. Walicheza "Jasho la Bati" mara mbili kwa sababu akina mama wa jikoni walidai walikuwa wakikaanga sambusa mara ya kwanza. "Maji ya Chini" ikaja mwisho. Ngoma ikapiga, ghala zima likapiga nayo. Kisha ikaondoka. Besi ikabaki inatembea peke yake, na watu zaidi ya mia mbili wakasimama pale walipokuwa, hakuna aliyekohoa. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele ya Riziki alianza kulia waziwazi, wala hakujifuta.

Ilipoguswa tena wakati wa kura, wa kwanza kwenda kwenye spika alikuwa Kihiyo. Aliweka kiganja chake juu ya mbao, akafumba macho. Wengine wakamfuata, ghala likawa limehamia upande mmoja.

"Haya, hapa hapana haja ya kuhesabu," alisema Bi Saumu, na watu wakacheka. Akamimina kahawa, akamletea Riziki kwa mikono miwili. "Mchongaji. Mwenyewe yupo?"

Riziki akapokea kikombe. Kilikuwa cha moto, kikamchoma vidole, naye hakukiachia. Alimtazama Kihiyo, ambaye alikuwa amegeuka kusikia salamu za mtu wake, anatabasamu kama bwana harusi.

"Mwenyewe amekufa," alisema Riziki.

Waliokuwa nyuma hawakusikia, wakaulizana. Waliosikia wakawaambia.

"Inna lillahi," akasema Bi Saumu. "Lini?"

"Rajabu."

"Rajabu ipi? Hii imetoka mfungo nne, Rajabu ishapita kitambo."

"Rajabu hiyohiyo. Hii kimeitunga kivuli chake. Na ile iliyotangulia, nusu."

"Na alama?"

"Alama nimeikwaruza mimi."

Mtu mmoja alisema, "Aibu!" kutoka karibu na mlango. Bi Saumu akainua mkono, kukawa kimya. Alipoongea tena hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomwogopesha Riziki.

"Na 'Pangaboi'?"

"Hiyo yake. Ile na zote za nyuma, zake. Naapa, Bi Saumu."

"Waapa kwa mkono upi, Riziki? Si ndio huohuo uliokwaruza?"

Riziki akakitua kikombe chini, kahawa haijanywewa.

"Miye sina ugomvi na mashine," Bi Saumu akasema. "Ningetaka mashine ningebaki na punje yangu sikioni. Lakini toka leo nikimsikiliza Mkonge sitajua namsikiliza nani. Wapi yeye kaishia, wapi sanduku limeanzia, wajua weye peke yako, na weye ndiye uliyetudanganya. Santuri zake ziwekwe kando. Zote."

"Za mwanzo hazina kosa. Aliumia nazo, Bi Saumu. 'Pangaboi' aliitunga amelala chali."

"Naamini aliumia. Ungetwambia tungelia naye. Mtu wetu kafa, na siye tumekaa hapa twacheza na kula sambusa." Sauti ikamkatika. "Hicho kivuli unacho weye, na marehemu wamjua weye. Sikwambii uzime wala usizime."

Zikakusanywa. Riziki aliziona zikipita mkono kwa mkono, "Pangaboi" katikati ya nyingine, zikapangwa kwenye pipa tupu la mafuta. Baada ya hapo watu, kwa kuwa ni watu, walianza kumjia. Wengine walikuwa na hasira hawakumtazama usoni, lakini kila mmoja alimpa mkono akasema, "Pole." Riziki alisema, "Nishapoa," kwa kila mmoja, kama inavyotakiwa, huku akilia kilio ambacho hakukilia Rajabu. Alimtafuta Kihiyo kwa macho. Kihiyo alikuwa bado pale kwenye spika iliyozimwa, amempa kisogo.

*

Asubuhi yake Riziki aliingia chumba cha nyuma. Kivuli kilikuwa kimeipata ngoma kiliyokuwa kikiitafuta. Ilikuwa nzuri. Alisikiliza mpaka kikafika mahali pa kuamua, kikaanza kurudi nyuma, na hapo hakuvumilia tena, akachomoa waya. Chumba kikawa kimya, na ukimya ule ulimuuma kuliko alivyotarajia.

Kihiyo alikuwa amesimama kwenye karakana. Safari hii alikuwa amepiga hodi, ila Riziki hakumsikia.

"Alikuwa nani?" akauliza. Hakuamkia.

"Ndugu yangu. Mhina."

"Mhina fundi feni?"

"Ndiye."

Kihiyo akatafuta kigoda kwa mkono, akakaa. Furushi lake lilikuwa pale pale mezani, na hakulitupia jicho.

"Nipeleke," akasema mwishowe.

Walikwenda kwa miguu mpaka makaburini. Kaburi la Mhina lilikuwa ukingoni, karibu na ua wa miba, na majani yalikuwa yamekwisha ota juu yake. Riziki alimwonyesha, akasimama nyuma kidogo.

"Siku ya maziko nilikuja kwako," Kihiyo alisema. "Wakumbuka? Nilikuja kukupa pole, kwa kuwa weye ndiye mchongaji wangu. Nikakaa mkekani, nikanywa kahawa yenu. Jeneza lilipoinuliwa, shemeji yako akanigusa bega, akanambia haya, twende tukamsitiri. Nikamwambia nina kazi, haingoji."

"Nakumbuka."

"Kazi yenyewe nilikuwa namjibu 'Pangaboi'. Nilikuwa na kipande cha mwisho kichwani, nikaogopa kitanitoka. Jeneza likanipita hapa," akagusa bega lake, "nikalipisha, nikaenda nyumbani mbio kumjibu. Lile jibu alilisikia?"

Riziki angeweza kusema ndiyo. Pasingekuwa na wa kumbishia.

"Hakulisikia," alisema. "Uliniletea tumeshamzika."

Kihiyo akatikisa kichwa polepole.

"Vitu vyako viko mezani," Riziki akamwambia. "Kavichukue, Kihiyo. Nimeyasema yale mbele za watu ili uvichukue. Hukushindwa na mtu."

"Nivichukue nimjibu nani, Da Riziki?"

Kihiyo alichuchumaa, akajaribu kuchota udongo kama wanavyofanya wazikaji, lakini ulikuwa umeshikana kwa mvua na jua, hauchoteki. Akauchimbua kwa vidole mpaka akapata gao moja la kujaa kiganja, akalimwaga juu ya kaburi, kisha akaanza kuchimbua jingine. Riziki naye hakuwa amemtilia mdogo wake udongo, kwa kuwa siku ile wanawake walibaki nyumbani. Akazunguka upande wa pili, akapiga magoti, akaingiza vidole ardhini.